Maili Ishirini na Mbili Nyuma ya Afande

Bugembe, Jinja
4 Julai 1977

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje, na Mama? Sisi ni wazima, ila sukari haipatikani.

Barua hii inaletwa na Odhiambo, dereva wa lori, ikiwa chini ya vitunguu. Kwa hiyo nitasema wazi.

Petroli imekwisha, na Afande wa hapa ameamuru watu wa ofisi waonyeshe mfano kwa baiskeli. Jumamosi tarehe 30 tutashindana huko Mbale: kutoka sokoni, chini ya mwamba wa Wanale, kupitia Nyondo, kurudi sokoni. Maili ishirini na mbili. Yeye mwenyewe atashindana.

Mwezi wa tano, Iganga, tulikuwa kumi na wawili. Apollo, karani wa maji, alimtangulia Afande kwa hatua tatu. Jumatatu meza yake ilikuwa tupu. Mwingine alijifanya amepata pancha ili abaki nyuma. Askari walipima mpira, wakaukuta mzima, akala viboko kumi na viwili.

Basi lazima nibaki nyuma bila kuonekana nabaki nyuma. Shida ni mwendo wa Afande. Ana kilo mia na kumi, na kwenye mlima anashuka na kusukuma. Gazeti langu linataka niandike uzuri wa njia. Mimi nataka kujua pa kuchelewa. Wewe ulikuwa nyapara wa barabara ile. Nieleze.

Mwanao,
Semei

Wanale, Mbale
12 Julai 1977

Mwanangu Semei,

Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Mama yako aliinusa barua akaisifu kabla sijamsomea.

Njia ni hii. Maili nne za kwanza ni tambarare, mwamba uko kushoto kwako. Maji yanaanguka kutoka juu kabisa na kila mgeni huyatazama. Wewe usiyatazame, maana hapo kuna kalavati, lile daraja dogo la mfereji, nililolipunguzia saruji mwaka wa 1956. Kuanzia ya tano unapanda katikati ya kahawa na migomba. Hakuna magari, hakuna kizuizi cha askari, utasikia mnyororo wako tu. Kuanzia ya kumi ni mteremko mpaka mtoni. Baiskeli itakimbia yenyewe, na hapo ndipo utamshinda mkubwa wako bila kupenda.

Dawa iko maili ya tisa. Dada yangu Nambozo anakaa kando ya barabara, na tangu nimjue hakuna mgeni aliyempita bila kula malewa yake, yale machipukizi ya mianzi kwa karanga. Ukikamatwa na mama mzee mwenye sufuria, hiyo si pancha ya uongo. Nimemwambia awazuie wote, ila mtu mnene amwachie njia.

Nimemwambia mko kumi na mmoja. Anasema Pasaka ulimwambia waendesha baiskeli ni kumi na wawili, na hapunguzi chakula kwa sababu ya wanaume wasiojua kuhesabu.

Baba yako,
Masaba

Bugembe
20 Julai 1977

Baba,

Salamu kwenu wote. Hatujambo.

Kuna tatizo. Habari za Shangazi nilimwambia Makokha wa reli peke yake. Leo wenzangu wote tisa wameniuliza anapika saa ngapi. Makokha amenunua chumvi ya kumpelekea. Mugweri wa benki anauliza kama anaweza kuzuiwa mara mbili.

Mwambie Shangazi kwamba Afande atavaa fulana nyekundu. Ampungie mkono tu.

Mwanao,
Semei

Wanale
31 Julai 1977

Semei,

Leo nitasalimu nikishajua uko hai.

Jana nilisimama sokoni kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Bendi ilipiga wimbo mmoja mara kumi na nne. Aliyekata utepe ni Geresom wa posta, aliyekuwa akipita tu na mfuko wake wa barua. Alidhani utepe umefungwa na watoto. Wamempa mbuzi. Kisha lori la askari likaondoka kwenda kuwatafuta, na mvua ikanirudisha nyumbani. Nambozo hajaleta neno. Mama yako hajala.

Niandikie.

Baba yako

Bugembe
3 Agosti 1977

Baba mpendwa,

Niko hai, na Mama ale. Mimi nimekula vya siku tatu.

Afande alifika maili ya tisa akisukuma. Shangazi alisimama katikati ya barabara akashika usukani wake. Nilikuwa nyuma yao hatua ishirini.

"Weka baiskeli, ule."

"Mama, niko kwenye mashindano."

"Unashindana na nani? Mbele yako sioni mtu."

Nilimwonyesha Shangazi fulana kwa ishara. Akajibu kwa sauti kwamba ameiona, na mwenye fulana ndiye mwenye njaa kuliko sote.

Afande alikula sahani mbili, akalala kitini. Hakuna aliyethubutu kumpita wala kumwamsha, basi nasi tukala. Saa nane Geresom alifika, akachukua chake kwenye jani la mgomba, akaendelea na safari. Afande alipoamka aliuliza ni nani amepita.

"Posta, afande," Makokha akasema.

Afande akanyoosha fulana yake. "Posta ni ya serikali. Na mimi ni wa serikali. Basi tumeshinda."

Tulianza kupumua. Shangazi alikuwa anakusanya sahani, na moja ilikuwa bado imejaa, imefunikwa. Afande akauliza ni ya nani.

"Ya wa kumi na mbili. Umemwacha wapi?"

Kila mtu alikagua baiskeli yake. Afande alisema yuko kazini.

"Basi mpelekee. Ikilala itachacha."

Akaifunga kwa majani ya mgomba, akaikaza nyuma ya baiskeli ya Afande mwenyewe. Afande alipanda akaondoka nayo. Tuliteremka nyuma yake, breki zikilia, mpaka lori likatukuta mtoni.

Jana Apollo alikuwa mezani kwake. Amekonda, na hasemi alikuwa wapi. Aliniuliza jambo moja tu: yule mama anayetia karanga nyingi hivyo kwenye malewa anakaa maili ya ngapi.

Nimemwambia ya tisa.

Mwanao,
Semei