Kwa Dismasi, Uliyempa Sura Mnyama wa Agnesi

Mwaka umetimia, Baba Regina, tangu ulipotutoka hapa Mwanga, ukatuachia harufu ya wino nyumba nzima.

Vidole vyako havikutakata hata siku ya harusi yetu. Mama yangu alisema nimeolewa na muuza mkaa. Ulichonga vibao vya mti, ukavipaka wino, ukasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko changu cha mchuzi, na simba wenye mabawa wakatoka. Kijiko hicho tulikigombania hadi mwisho. Hukuwa mtu wa hasira, ulicheka tu.

Tunakumbuka mwaka tisini na sita, ulipomleta Agnesi kutoka ufukweni Katonga. Alikuwa amevuka ziwa akikimbia vita, bila wanawe wawili. Hakusema wamepatwa na nini, ila alisema kuna mnyama aliyewala. Sisi tulimwambia amwombe Mungu. Wewe ulimwuliza mnyama huyo yukoje. Akasema ana mdomo wa mamba na pembe za ng'ombe. Ulipomwonyesha kibao alitikisa kichwa kukataa.

"Oya, Mzee. Muwekee mikono. Mikono ya watu."

Ulipomchapia huyo mwenye mikono, aliichana karatasi vipande vipande. Ukachapa nyingine, akachana. Nilikufokea kwamba karatasi zinakwisha.

"Mama Regina, mwache achane," ulinijibu. "Kibao kipo."

Alichana masika yote. Asubuhi moja aliitazama picha kwa muda mrefu, akaiacha mezani ikiwa nzima. Kisha akatutajia majina ya wanawe, na watu waliowaua. Alilia, nawe ukalia naye. Kabla ya hapo sikuwahi kukuona ukilia.

Sasa Agnesi yuko kwenye kambi ya wakimbizi na Regina yuko kazini Tabora. Redio naiwasha mapema ili nyumba iwe na mtu anayeongea. Watu wakiniuliza, nasema homa ilimchukua mume wangu, basi. Lakini homa haina mdomo wala pembe, Baba Regina. Ningepata picha yake ningeichana. Uchungu wa wenzako uliuchongea sura. Wangu sina wa kumpelekea.

Unakumbukwa na mkeo Veneranda, binti yako Regina, mdogo wako Erasto na ndugu wote wa Kalinzi. Agnesi naye anakukumbuka. Ametuma neno kwamba jina lako likisomwa kanisani, yasomwe pamoja nalo majina ya Nikodemu na Leodgar, wanawe.

Hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.