Anayekusomea Barua Hii ni Nafula

Riyadh, Saudia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Kabla hujauliza, mimi ni mzima na chakula nakula, ingawa wali wa kila siku umenichosha na ningetoa chochote nipate sahani moja ya kimanga chetu cha muhogo na maharagwe. Wewe je? Ule mguu ulioumia ulipojikwaa kwenye zizi la mbuzi umepona, au unachechemea tu huku unamwambia kila mtu umepona? Na tembo wameshuka tena shambani, au mwaka huu wameona mahindi ya majirani ndiyo matamu?

Anayekusomea ni Nafula. Nimemwomba asiruke hata neno moja, hata yale yanayomhusu yeye. Nafula, mimi nakujua. Ukifika kwenye sifa zako utajifanya mwandiko wangu haueleweki. Unaeleweka, soma.

Nimetumia karatasi kwa sababu simu imenishinda. Tukizungumza habari za mbuzi, mtandao wa hapo kwetu Mraru uko sawa kabisa, nasikia hata jogoo. Nikigusa tu habari za macho, unaanza, "Wakio, sikusikii, sikusikii," kisha simu inakatika. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa mwenzetu mmoja wa kazini anayekwenda likizo Mombasa aiache Voi kwa Nafula. Naomba uisikilize mpaka mwisho.

Kazi yetu ni ile ile. Hosteli tunayoitunza ni ya wasichana tu, na fundi wa kiume haingii mpaka wasichana wote watolewe nje. Bomba likipasuka asubuhi halingoji mtu avae. Ndiyo sababu walitafuta mafundi wanawake, na ndiyo sababu mwenzangu Eliza alipofika huku kwanza aliwaambia kuna mwingine Kenya anaitwa Wakio. Tunabeba spana zetu, tunapanda ghorofa baada ya ghorofa: sinki limeziba, choo kinavuja, bafu halipitishi maji. Ni nywele, Baba. Zile tunazotoa kwenye mabomba zingetosha kujaza godoro. Na joto la huku usiseme. Matangi yako juu ya paa, kwa hiyo mchana ukifungua bomba la maji baridi unaoga maji ya moto, na ukitaka ya baridi sharti uyachote alfajiri.

Nilikuambia kwa simu kwamba niliungua kidogo. Haikuwa kidogo. Nilikuwa nafungua hita ya maji, valvu ikafyatuka, na maji yakanimwagikia mikono yote miwili. Hospitalini walinitibu vizuri, wakanifunga bandeji kuanzia vidole hadi viwiko, wakanirudisha chumbani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu asiye na mikono hawezi kufanya lolote. Hafungi kifungo, hashiki kijiko, hajikuni hata pua. Eliza ndiye aliyenilisha. Eliza aliniogesha, akanivalisha, akanipeleka chooni na kunirudisha. Siku ya kwanza nililia, na si kwa maumivu, nilikuwa naona haya. Akanitazama tu na kijiko chake mkononi.

"Wewe wacha maringo," akasema. "Fungua mdomo, uji unapoa."

Nikafungua. Sasa mikono imepona, ngozi tu ndiyo imebaki na rangi mbili, na kazini nilisharudi.

Eliza unamkumbuka. Ni yule wa Mboghoni aliyekuwa haji kwetu bila mkungu wa ndizi za shamba la mama yake, na wewe ukawa unamwambia mizigo itamvunja shingo. Mimi, yeye na Nafula tulikutana siku ya kwanza ya masomo ya mabomba, pale chuo cha ufundi Voi. Darasa zima lilikuwa la wavulana na sisi watatu. Bomba hulikazi peke yako: mmoja anashika kwa spana moja ili lisizunguke, mwingine anakaza kwa spana ya pili. Mwalimu akasema kila mtu atafute mwenzake, na hakuna mvulana aliyetutaka. Mmoja akatuambia tungefaa kushika tochi. Basi tukajikusanya kwenye kona yetu, wawili kwenye spana na wa tatu akipima, kisha tunabadilishana. Mpaka tunamaliza chuo hatukuwahi kufanya kazi na mtu mwingine, na wale wavulana ndio waliokuwa wakija kuuliza kwa nini maungio yetu hayavuji.

Likizo fupi Nafula alikuwa anakuja kwetu, kwa sababu baba yake alikuwa mkata mkonge na nyumba waliyopewa ilikuwa chumba kimoja cha watu wengi. Mama alimfundisha kupika kimanga. Alipofariki Mama, mimi sikuweza kusimama. Nafula na Eliza walikuja siku hiyo hiyo, wakachota maji, wakapika chakula cha waombolezaji, wakaosha masufuria ya watu ambao hata hawakuwajua, na wakalala jikoni wiki nzima. Wewe ulisema mbele ya watu, "Hawa wageni wapewe blanketi." Ulisema kwa wema, najua, na blanketi walipewa.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Mifereji ya maji ya mvua kwenye paa lako aliiweka Nafula. Bomba la kutoka tangini hadi jikoni alilivuta Nafula, Jumamosi, siku ambayo angekuwa amepumzika. Dawa ya presha unaletewa na nani? Nauliza tu.

Sasa nafika pale ambapo huwa unakata simu.

Mwezi uliopita Nafula aliomba ruhusa kazini akakupeleka Voi kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, la kulia limeshafunikwa na la kushoto linafuata. Akasema upasuaji wenyewe si mrefu, lakini ukizidi kungoja utakuwa mgumu, na kabla ya hapo unaweza kuanguka vibaya. Muuguzi akakuuliza, "Mzee, ukishafanyiwa ni nani atakaa na wewe nyumbani?"

Ukamjibu, "Mtoto wangu yuko Saudia. Nitamngoja."

"Na huyu mama uliyekuja naye?"

"Huyu ni mtoto wa watu. Amenisindikiza tu."

Nafula alikuwa amesimama hapo hapo, amekushika kiwiko. Akakurudisha Mraru, akakuwekea chakula mezani, akarudi kwake. Mimi hakuniambia. Eliza alimpigia jioni, akasikia sauti yake si ya kawaida, akambana mpaka akasema, kisha akalia. Eliza akaja kuniambia. Nafula, usimnunie Eliza, na usisimame hapo. Endelea kusoma.

Sikuandiki kukukaripia, Baba. Mtoto hamkaripii baba yake. Nataka tu uelewe maneno yale yalimwangukia nani. Wazazi wake walirudi Bungoma kazi ya mkonge ilipoisha. Voi nzima hana mzee mwingine wa kumwita Baba. Akikuita hivyo, hakuiti kwa adabu tu.

Na mimi ningekuwa wapi bila hao wawili? Ningerudi nyumbani na mikono iliyofungwa kama magunzi, au ningekaa huku kila usiku nikiwaza kama umekula. Nalala usingizi, Baba, kwa sababu najua Nafula yuko. Sikuzaliwa na dada. Nilikwenda chuo kujifunza mabomba nikapata wawili, na kila nikipiga magoti ndilo jambo la kwanza ninalomshukuru Mungu, hata kabla ya kazi.

Nitasema na lile lingine, hata kama litakuudhi. Nadhani unanitega. Nadhani umeona kwamba ukipona bila mimi, nitakosa sababu ya kurudi, kwa hiyo umeamua macho yakae hivyo hivyo mpaka yaniite. Kama si kweli, nisamehe. Kama ni kweli, basi sikiliza: mkataba wangu unaisha mwakani na nitarudi, macho yawe yamepona au hayajapona. Sihitaji kuitwa na ugonjwa. Ila sitaki nifike uani uanze kunipapasa uso ujue kama ni mimi. Nataka unione nikiwa bado kule barabarani, uanze kunicheka kwamba nimenenepa.

Kuhusu kushikwa mkono na mtoto wa watu, mimi nimeogeshwa na mtoto wa watu, na wala sikupungua chochote. Aibu ilidumu siku moja. Baada ya hapo tulikuwa tunacheka tu, maana Eliza hajui kusuka na kichwa changu kilikuwa kinatisha.

Daktari anarudi Voi kwa upasuaji Jumanne ya mwisho ya mwezi huu. Nafula ameshaomba ruhusa, na atalala kwako mpaka bandeji itolewe na baada ya hapo. Chumba changu kiko wazi, alale humo, si jikoni.

Nisalimie shangazi Mshai, mwambie kitambaa cha kichwa alichoniagiza nimekipata. Msalimie Mzee Mwadime jirani, na umwombe akufungulie mbuzi siku ambazo hutakuwepo. Ukionana na mchungaji, mwambie huku tunasali chumbani kila Ijumaa, maana ndiyo siku yetu ya kupumzika. Eliza anakusalimu sana, na anaomba salamu zimfikie mama yake Mboghoni kwa yeyote anayekwenda Taveta. Anasema pia ndizi za huku hazina ladha yoyote.

Nafula, nimefika mwisho. Usimwulize kama atakwenda Jumanne, kwa sababu utampa nafasi ya kusema hapana. Mwulize atavaa shati gani, na akilitaja tu, lipige pasi kabla hajabadili nia.

Na wewe Baba, unapomjibu, mwite mwanangu. Atajifanya anakunja barua, lakini atasikia.

Binti yako,
Wakio