Karibu ya Siku ya Kwanza

Jumamosi, 11 Januari 2025

Siku ya kupumzika. Nasimiyu, mwenzangu wa chumba, ameniwekea katuni ya Kijapani kwa simu yake. Nikamwambia mtu mzima kama mimi, katuni ya nini? Nimeitazama mpaka majina ya mwisho.

Ni watoto wawili wa shule, umri wa form one hivi. Wamepewa zamu ya kulisha sungura wa shule. Wanaoneana haya mpaka hawawezi kusemezana. Kwa hivyo mvulana anamwambia sungura, leo kuna baridi. Na msichana naye anamjibu sungura, kweli, kuna baridi. Basi! Kipindi kizima ni hicho. Nasimiyu aliitupia simu mto.

Majina yao hayashikiki. Mvulana nimemwita Miwani. Msichana nimemwita Nyusi, kwa sababu nyusi zake husema yote ambayo mdomo unakataa.

Kinatoka kimoja kila Jumamosi. Asante Mungu kwa Nasimiyu, anayekumbuka kununua bando hata mimi nikisahau.

Jumatatu, 13 Januari

Kazini The Pearl, hapa Doha, mlangoni mwa jumba la ghorofa, kuwaambia watu habari za asubuhi na kuwafungulia lifti. Tumepata mtu mpya wa kupaki magari ya wapangaji. Mtanzania, wa Tanga, anaitwa Zuberi. Mrefu, mpole. Funguo za watu anazibeba kama mayai.

Wakati wa lanchi nilishuka kwenye chumba cha wafanyakazi na mkebe wangu wa kampuni — wali na dengu, kama jana, kama mwaka jana. Zuberi alikuwa peke yake, amefungua hotpoti. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Harufu ilinisimamisha. Akasema, "Karibu, dada."

Nikakaribia. Kwetu Webuye mtu akikukaribisha chakula ukikataa, ni kama umemwambia sufuria yake ni chafu. Nikavuta kiti, nikanawa, nikala. Nusu ya yule samaki ilikuwa yangu.

Nilirudi mlangoni nikimfungulia kila mtu lifti kwa tabasamu la kweli. Mungu ambariki yule mtu wa Tanga na mikono yake.

Jumatano, 15 Januari

Amenikaribisha tena. Jana pia. Leo ilikuwa maharage ya nazi. Nilimwambia "nipe chumvi," akainua macho kidogo, halafu akanipa. Nasimiyu anasema Watanzania husema "naomba chumvi." Naomba! Kama niko mbele ya chifu. Kesho nitajaribu.

Jumamosi, 25 Januari

Kipindi cha tatu. Nyusi amemletea sungura karoti iliyokatwa umbo la nyota. Miwani akamwambia sungura, una bahati wewe. Nililia kidogo. Nasimiyu ameniona na sasa ana silaha ya wiki nzima.

Wiki hii nilimsimulia Zuberi hadithi yote tukila. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa sungura mwenyewe anajua?" Nikacheka mpaka nikapaliwa. Juzi aliniambia ameitafuta na yeye, ametazama vipindi vyote viwili.

Kitu kimoja tu. Bado ananiita dada. Dada hivi, dada vile. Nasimiyu anasema kwao ni heshima. Sawa, najua ni heshima. Nashukuru. Lakini nisipojiambia ukweli hapa nitajiambia wapi — naichoka hiyo heshima.

Alhamisi, 30 Januari

Aibu. Aibu. Aibu.

Bi Mwanahamisi alikuwa pale mlangoni akingoja basi la shule. Ni wa Unguja, analea watoto wa ghorofa ya kumi na nne, na umri wake ni wa mama yangu. Nikamsimulia bahati yangu — kwamba kuna mtu hunikaribisha chakula kila siku, nami nakaa nakula. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mwanangu, ile karibu ni adabu tu. Mtu yuko na sahani yake, wewe wapita, atakwambiaje? Wasema ahsante, nimekwisha kula, wapita zako. Ukizidi sana, tonge moja."

Tonge moja! Mimi nimekula samaki upande wa juu na wa chini. Nimekula wiki tatu. Na sasa nakumbuka kwamba kila nikimaliza, Zuberi huenda kujichemshia chai akala na mkate mkavu. Nami nilidhani Watanga wanapenda mkate.

Nimemwambia Nasimiyu. Amelala sakafuni akicheka. Hata yeye hakujua, lakini yeye hakula samaki wa mtu.

Jumapili, 2 Februari

Nimekula kwenye ngazi za parkingi. Dengu. Asubuhi alinisalimia, habari za kazi, dada. Nikajifanya natazama skrini za kamera. Hakukuwa na kitu kwenye kamera ila yeye mwenyewe, amesimama akinitazama.

Jumanne, 4 Februari

Alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa na hotpoti mpya, ya vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Akakaa ngazi ya chini yangu.

"Dada Roselyne, nimekukosea?"

Nikamweleza yote. Karibu, adabu, tonge moja, mkate. Sikumtazama, nilikuwa nazungumza na mkebe wangu. Nilipomaliza alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

"Siku ya kwanza ilikuwa adabu," akasema.

Nikauliza, na siku ya pili?

Akafungua hotpoti. Chini wali. Juu samaki wawili, wazima, kichwa na mkia. Akasema, "Siku ya pili nilianza kupika kwa ajili ya watu wawili. Ila hotpoti ilikuwa ndogo. Hii nimeipata jana mtaa wa Najma."

Na mkate? Anasema mkate na chai amevipenda tangu utoto, nisimpangie.

Nimekula samaki mzima. Sijui kama kuna mtu mwingine Doha nzima aliyeshukuru leo kama mimi. Nimeshukuru nikila, nimeshukuru nikiosha bakuli, nimeshukuru kwenye basi la kampuni mpaka nyumbani, Najma.

Ijumaa, 14 Februari

Zamu ya mchana, kwa hivyo asubuhi nilienda kanisani. Nyumbani mimi ni wa Jumapili na Zuberi ni wa Ijumaa. Hapa sote ni wa Ijumaa, maana ibada zetu zimehamia siku ya mapumziko ya hapa. Tuliingia kazini wote wawili tumeoga, yeye na kanzu mkononi imekunjwa vizuri. Akaniuliza mlimwomba Mungu nini. Nikasema mvua. Akasema hata sisi.

Maua yaliletwa mlangoni siku nzima, ya wapangaji. Kaunta ilijaa mpaka sikuonekana. Zuberi akipita na funguo akasema, "Dada yuko wapi? Naona bustani tu."

Nasimiyu ameniuliza jioni, na mzee je? Baba ni mzee wa kanisa Webuye. Anajua Waislamu wawili tu, na wote ni wauza nguo. Nikamwambia hakuna kitu cha kumwambia mzee. Mtu ananiita dada.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza jana. Leo chumba cha wafanyakazi kilikuwa kitupu. Nilikaa na dengu zangu, hakuna wa kuniambia karibu. Sikujua neno moja linaweza kuacha nafasi kubwa hivi.

Na kipindi cha jana! Sungura ni mgonjwa, amepelekwa kwa daktari. Miwani na Nyusi wamefika kwenye kibanda, hakuna wa kusemeshwa. Wamesimama tu. Upepo unapiga. Kikaisha hapo.

Nasimiyu akazima simu akaniambia, "Rose, sasa nimeelewa. Nyinyi sungura wenu ni hotpoti."

Nilijifanya natafuta chaja.

Jumanne, 11 Machi

Leo zamu ilipita magharibi. Adhana ilitukuta nje, Zuberi amekaa kwenye ukingo wa bustani na tende na maji. "Karibu futari, dada." Sikuwa nimefunga, lakini mchana chakula kilinishinda tu. Nikakaa. Alikula tende ya kwanza amefumba macho. Ya pili akanipa.

Halafu akaniambia. Mkataba wake unaisha. Baada ya Idi, msimamizi wao, Cyrus, atataka jibu. Aongeze miaka miwili, au arudi Tanga, kaka yake ana gereji.

"Sijui nikae kwa ajili ya nini," akasema. Aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu.

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Mama yako atafurahi."

Akasema, "Atafurahi." Akafunga tende zake.

Jumatano, 12 Machi

Mama yako atafurahi! Hata Miwani angesema kitu cha maana kuliko hicho.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Zuberi alikuja kazini na pilau ya kila mtu, hata ya walinzi wa geti. Yangu ilikuwa na kifuniko chake. Nikasema asante, Idi njema. Akasema asante, dada. Tukasimama hapo kama kibanda kisicho na sungura.

Kipindi cha mwisho kilitoka jana. Nasimiyu ametazama peke yake bafuni, ametoka macho mekundu, haniambii. Mimi nimekataa kukitazama. Nikamuuliza Zuberi kama amekitazama. Akasema bado. Akasema, "Naogopa wasije wakaachana bila kusema."

Nilikuwa na nafasi pale. Mtu wa ghorofa ya tatu akaomba mwavuli wa jua.

Hata hivyo pilau nimeila nikashukuru. Kama anaondoka, basi nimepata miezi hii. Wako watu walioishi hapa miaka kumi wasiulizwe na mtu, umekula?

Jumatano, 2 Aprili

Cyrus amesema kesho ndiyo kesho. Jibu la Zuberi kabla ya saa kumi.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Nasimiyu, nataka kupika. Akanitazama kama nimesema nataka kuruka dirishani. Tangu nifike Doha sijawahi kupika zaidi ya mayai. Tukashuka pamoja duka la pembeni. Unga wa mahindi tumepata. Kunde, bahati, tumepata zilizokauka. Kuku tumempata mzima, na nikasisitiza firigisi iwe ndani.

Nasimiyu akasimama hapo hapo dukani. "Unampa firigisi?"

Nikasema nampa.

Hakucheka. Mara ya kwanza mwaka huu. Kwetu firigisi haipewi mpita njia. Ni ya mwenye nyumba. Mama hajawahi kumpa mtu mwingine ila Baba, na siku aliyoificha walikuwa wamekosana na sote tulijua.

"Na yeye atajua maana yake?"

Hatajua. Ndiyo maana naweza.

"Basi hata wewe unaongea na sungura," akasema, akachukua kitunguu akalipa yeye.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika hapa hapa chumba cha wafanyakazi. Lanchi yangu imeisha kitambo, mlangoni wananingoja, wacha waningoje.

Nilipasha moto kila kitu mapema. Nikaweka sahani mbili, zile za kaunta ya jikoni, siyo mkebe. Ugali umetoka mgumu pembeni lakini katikati ni mzuri. Kuku amejitahidi. Nikaanza kula, kwa sababu bila kula neno lenyewe halina pa kukaa.

Zuberi aliingia kuchukua koti lake. Alikuwa anaenda juu kwa Cyrus. Uso wake umekaza.

Nikasema, "Karibu."

"Ahsante, dada, endelea tu," akasema. Bila hata kufikiri. Mkono tayari uko mlangoni. Adabu tupu! Moyo wangu ulianguka chini ya meza.

Halafu mkono haukufungua mlango. Akageuka. Akaona sahani ya pili. Akaona ugali, ambao anajua siupiki. Akavitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Roselyne," akasema. "Hiyo ni adabu?"

Hakusema dada. Nimelisikia jina langu kama sijawahi kuitwa.

Nikasema, "Si adabu." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, na haikumwambia kuku, haikuiambia hotpoti. Ilimwambia yeye. "Si adabu, Zuberi. Ningependa ubaki. Mama yako anisamehe."

Akaweka koti. Akanawa mikono, polepole, kila kidole. Akavuta kiti. Akamega tonge la kwanza, akachovya mchuzi, akatafuna. Nikangoja. Akasema, "Chumvi."

Nikasema, "Sema naomba."

Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza namsikia. Akaanza kusema kitu. Nina hakika alikuwa anaanza kusema kitu. Ndipo redio ya kazini ikaita — mpangaji wa ghorofa ya tisa anataka gari sasa hivi, na Cyrus naye akaingilia, Zuberi yuko wapi, apitie kwangu.

Akaitazama redio. Akaitazama sahani. Akasimama, mikono ina mchuzi, akaniambia, "Usimalize."

Sijamaliza. Sijagusa tena. Koti lake liko hapa kwenye kiti. Juu huko sasa hivi anaulizwa kwenda au kubaki, na mimi sisikii chochote, redio yenyewe imenyamaza. Lolote atakalojibu, leo nimemwambia mtu kitu kwa mdomo wangu, na nimeitwa kwa jina langu. Nakushukuru Mungu kwa hayo mawili. La tatu sijui.

Sahani yake nimeifunika na yangu isipoe. Firigisi nimemwekea juu.

Kuna mtu anashuka ngazi, mbili mbili