Komeo la Fritz

Eggiwil, 2 Mei 1994

Mzee Gottfried Oberli,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta mzima, maana anwani niliyotumia ni ya mwaka 1944. Mimi sijambo, ila vidole vinanuka grisi. Naitwa Köbi Zaugg, miaka kumi na tisa, mwezekaji wa mapaa. Shule tuliachana mapema, hatukuelewana.

Nimenunua bunduki ya zamani ya jeshi. Kufungua bati la kitako chake, nikakuta karatasi yenye jina lako, kikosi chako na kijiji chako, Trub. Tarehe 29 nchi nzima inashindana kulenga shabaha, na nimeshatangaza baani kwamba nitarudi na nishani kifuani. Je, ilikuwa inavuta risasi kushoto au kulia? Jibu upesi.

Mmiliki mpya,
Köbi

Trub, 5 Mei

Kijana Köbi,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Niliiuza mwaka jana macho yalipofifia.

Usipige hata risasi moja kabla hujaikagua. Hakikisha kwanza haina risasi ndani. Chomoa komeo, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, futa grisi yote kwenye mtutu, kisha chungulia ukielekea mwanga: mifuo iliyochongwa ndani yake ing'ae, pasiwe na kutu, uvimbe wala kitambaa kilichosahaulika. Tazama komeo kama lina ufa. Mwisho soma namba. Ya mtutu na ya komeo lazima iwe moja.

Mzee Oberli

Eggiwil, 9 Mei

Mzee, shikamoo. Mama anakusalimu, anasema wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemtii.

Nimekagua kama daktari. Mtutu unang'aa kuliko meno yangu. Komeo halina ufa. Namba ya mtutu inaishia 614, ya komeo 287. Sioni ubaya, linaingia na kufunga vizuri tu. Nashangaa wewe uliyekaa nayo karibu miaka hamsini hukuona. Au ulikuwa unachimbia viazi? Jumamosi naijaribu uwanjani.

Köbi

Trub, 11 Mei

Köbi,

Msalimie mama. Usiende Jumamosi.

Niliona. Komeo hilo ni la Fritz Wüthrich wa Schangnau, rafiki yangu wa jeshi tangu ujana. Siku yetu ya mwisho jeshini, mwaka 1974, shabaha yangu ilipigwa katikati kabisa. Nikasema risasi ni yangu. Fritz akasema ni yake, imepotea njia. Tulikuwa tukisafisha bunduki meza moja. Kila mtu akanyakua komeo kwa hasira akaondoka. Nyumbani nikaona namba si yangu. Nikasema aje yeye kwanza. Hakuja. Na niliyemwuzia sikumwambia, nikaona aibu.

Kila komeo lilipimwa na mtutu wake. Nafasi ikizidi kidogo, ganda la risasi linapasuka na moto unarudi usoni. Una macho mawili tu.

Mzee Oberli

Eggiwil, 14 Mei

Mzee, shikamoo. Macho yapo, uwanjani sikwenda. Baani wananiita Jemadari wa Fagio, eti bunduki naisafisha tu, sipigi.

Basi nenda kwa Fritz ukachukue komeo letu. Ni safari ya basi tu. Ukiogopa nitakushika mkono. Usipoenda, tarehe 29 napiga hivihivi. Ukisikia mlipuko, ni mimi.

Köbi

Eggiwil, 23 Mei

Mzee, shikamoo. Siku tisa kimya. Tarishi akipita nashuka paani mbio, mwajiri wangu anadhani nimepata mchumba.

Ule mlipuko nilikuwa natania. Komeo mama amelificha kwenye pipa la unga. Unaumwa? Andika hata neno moja.

Köbi

Trub, 25 Mei

Köbi,

Marahaba. Siumwi. Mara nne nilivaa koti nikafika kituo cha basi, nikarudi. Jana nikapanda.

Fritz alifungua mlango akaniuliza, "Umekuja kukubali ile risasi ilikuwa yangu?"

Nikamwambia, "Kuna kijana atapasuka uso kwa ajili yetu."

Akaingia ndani. Akarudi na soksi ya sufu, ndani yake komeo langu, limelowa mafuta. Amelipaka kila mwaka, miaka ishirini. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Si lako?"

Namba 614 iko kwenye kifurushi hiki. Fundi bunduki apime kwanza. Hilo ni ombi langu, siyo amri.

Babu Gottfried

Eggiwil, 30 Mei

Babu, shikamoo. Macho yote mawili yapo.

Fundi alipima, akasema komeo na mtutu vinajuana. La Fritz nilimpelekea mwenyewe, tena nimelifuta unga. Hakusema asante, alisema mikono yangu michafu.

Jana kwenye mashindano alilala kifudifudi kulia kwangu kwenye mstari wa kupigia. Nishani nimekosa, na kosa si langu. Risasi yangu ya mwisho haikuonekana popote, halafu shabaha ya Fritz ikawa na tundu moja la ziada, katikati kabisa. Nikasema hilo ni langu. Akasema, "Gottfried ndiye kakufundisha maneno hayo?" Tukagombana mezani tukisafisha bunduki, nusu ya uwanja inasikiliza. Jumapili tunakuja kwako uamue, andaa viti.

Ila kabla sijanyanyuka, nilisoma namba ya komeo mara tatu kwa sauti. Fritz naye akasoma yake.

Mjukuu wako,
Köbi