Fomu ya Kilomita Arobaini na Mbili

Nyeri, Jumamosi. Baridi ya Julai, na ukungu umeuficha mlima tangu alfajiri. Moyo unanidunda na sijakimbia hata hatua moja.

Usajili wa mbio unafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Fomu iko wazi kwenye simu. Nimejaza jina, umri na saizi ya fulana. Limebaki swali moja: je, una ugonjwa wa moyo au presha?

Nina presha. Huu ni mwaka wa tatu.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu yangu wanajua ninavyowachapa viongozi wanaodanganya kwenye fomu. Miezi michache iliyopita niliandika kwamba wanaume wa rika langu wanakufa wameketi, chupa mkononi. Msomaji mmoja wa Sagana akanijibu kuwa mimi hupigana kwa vidole tu, kwamba hata kilima cha Ruring'u kingenishinda. Nikaapa mbele ya wote: nitakimbia arobaini na mbili.

Nimefanya mazoezi kweli. Nimekimbia hadi Kiganjo na kurudi. Lakini kuna jambo sijaliandika popote.

Niliacha dawa.

Kuna bucha ninayopitia nikitoka mbio. Mwenyewe huchemsha supu ya kichwa cha mbuzi na mizizi michungu. Huku kwetu supu hiyo ndiyo hospitali ya wanaume: inasafisha damu, inakaza magoti, haina foleni. "Wachana na tembe, mzee," aliniambia. "Hizo ni za watu wa kuketi." Na mimi, ninayewacheka wanaonunua maji ya miujiza, nikaamini. Wiki tano, bakuli mbili kila asubuhi. Chumvi niliongeza mwenyewe.

Leo asubuhi nilienda kliniki, na daktari alinipima mara tatu, akidhani mashine ndiyo mbovu. Akanirudisha kwenye dawa. Akasema nisikimbie kabla hajanipima tena, na hata akiniruhusu, kilomita kumi zinanitosha.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nitajibu "hapana", kwani nani atajua? Aliendelea kumenya viazi.

"Baba Njeri, siku hiyo nikungoje wapi? Mwisho wa mbio ama mochari?"

Nikaichukua simu tena.

Saa kumi na moja na nusu nikabonyeza "ndiyo", nikashuka hadi kilomita kumi. Fomu ikadai barua ya daktari. Kliniki ilishafungwa mchana, hadi Jumatatu. Nikabaki nikiitazama simu. Kubadilisha jibu ni kubonyeza mara moja tu, na dakika zilikuwa bado zipo. Sijawahi kuona nusu saa ndefu hivyo.

Sasa imepita saa kumi na mbili. Mbio zitaenda bila mimi, na waliosoma kiapo changu wasome na hili.

Kesho nitatembea tu. Mke wangu amesema tutaenda pamoja, mradi nisimhutubie njiani.