Sindano Yako ya Asubuhi

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, nawe unaendelea vizuri, na huo mdomo wako bado ni ule ule. Mimi ni mzima, ila kazi ndiyo inanimaliza.

Jana nilikukumbuka mno. Nilikumbuka chumba chetu chenye dirisha lisilofunga, na mama akiniita nikuchome sindano yako ya kila asubuhi kabla ya shule kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nawe, mchokozi mkubwa, ulikuwa ukinifinya sikio kila nikichoma, eti tuumie wote. Nikakuapia kwamba nikikua nitaigeuza dawa hiyo iwe kidonge. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Basi kuitimiza ahadi hiyo hapa maabara hakukuwa lelemama. Molekuli ya dawa yako ni ndefu na legelege. Ukiimeza inajipinda ovyo tumboni, haipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Tukaziunganisha ncha zake, ikawa pete, ikakakamaa. Ikapenya! Kumbe tumeikaza kupita kiasi. Ikifika mwilini haiwezi kujikunja ikakaa mahali pake pa kazi, kwa hiyo haina nguvu yoyote. Mkuu wetu wa maabara akasema tumetengeneza kokoto ghali. Nikarudi mwanzo, nikalegeza kiungo kimoja tu.

Jana yalikuja majibu ya wagonjwa waliojitolea kuijaribu. Kidonge kinapenya, na nguvu yake ni sawa na ya sindano. Wenzangu walirukaruka, mkuu akacheza hadi miwani ikamdondoka. Mimi nilijifungia chooni nikalia, na nisikufiche dada, hayakuwa machozi ya furaha.

Nilikionea wivu kidonge. Ulipoolewa, shemeji akashika sindano, nikanuna wiki nzima, nawe ukadhani naumwa. Hata leo nikija kwenu ananiachia mimi nikuchome, tunakaa kitandani tunapiga soga kama zamani. Wewe una mume na watoto. Mimi nina asubuhi hizo tu. Na ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niliyeziondoa.

Kitakapofika kimeze, dada, tena upesi, umechomwa vya kutosha. Ila nikija, niamshe mapema hata kama hakuna la kufanya.

Nibusie watoto, na shemeji mpe pole ya kuishi nawe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba