Swali la Tatu la Andati

Lucky Summer, Nairobi
Alhamisi, 14 Septemba 1995

Kwa dada yangu Nabalayo,

Pokea salamu za mdogo wako mtundu, ambaye meno yamebaki machache lakini mdomo haujapungua. U mzima? Magoti yako bado yanalia kama bawaba za kanisa? Na yule kuku wangu uliyeahidi kunitunzia, yu hai au umeshamchinjia mchungaji? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi, na habari yake utaipata huko chini.

Barua hii nampa jirani yetu Opicho, anayepanda basi leo, ili initangulie. Uliniagiza nimlete mwanao. Ulisema tangu tumzike, mlango wa nyumba yake hapo nyumbani haukai umefungwa, nawe hulali, maana unajua tulileta mwili tu. Ni kweli, dada. Andati alilaza kichwa mbele ya mashine yake mchana peupe, wanafunzi wakadhani amechoka, na hakuna mtu wa ukoo aliyekwenda kwenye kile kiti kumwita jina na kumwambia twende nyumbani. Hiyo ni kazi ya mjomba, na mjomba alikuwa matangani akigombea firigisi.

Basi Jumatatu nilikwenda. Ni ghorofani, Shauri Moyo, ambako mkweo Muhonja anaendeleza masomo ya kompyuta aliyoyaacha mumewe. Usifikirie televisheni. Ni vioo vyeusi vyenye herufi za kijani, na programu ya kuandikia isiyo na picha wala huruma. Unagonga herufi, haiandiki, inadhani unaiamrisha. Ukigonga d mara mbili, mstari mzima unamezwa. Ukigonga u, mstari unarudi. Nilimuuliza Muhonja kama hiyo u iko pia ya watu. Hakucheka. Nikaona aibu kidogo, na unajua mimi na aibu hatujuani sana.

Wanafunzi wote huuliza maswali yale yale, kwa hiyo Andati alikuwa anawaandikia majibu katika ukurasa mmoja. La kwanza: mbona naandika na hakionekani kitu? Akajibu, gonga i kwanza. La pili: nimefuta kwa makosa, nirudishe vipi? Akajibu hiyo u. La tatu, ambalo Muhonja anasema hata hodari huliuliza huku akitokwa jasho: nitatokaje humu? Hapo ndipo alipolaza kichwa.

Mashine yake ndiyo mama wa zile nyingine. Ikizimwa, zote zinakufa, ndiyo maana haikuwa imezimwa tangu siku ile. Mtu aliyejaribu kufungua ukurasa ule kutoka mashine nyingine alionywa kwamba Andati bado anaushughulikia. Hayo Muhonja alinieleza ni mazoea ya mashine tu, hayana pepo. Lakini anasema siku Andati alipolaza kichwa swali lile lilikuwa mstari mmoja. Niliposimama mbele ya kioo, lilikuwa limejaa toka juu hadi chini. Nitatokaje humu. Nitatokaje humu. Muhonja akaimeza mistari yote kwa ile d nikiona, akaenda kufundisha, na chai yangu haijapoa, mistari ilikuwa imerudi. Na kiti kitupu, dada. Mwanafunzi mmoja, Thuo, ambaye hucheka hata kanisani, amegeuza meza yake ikatazama ukuta.

Muhonja akanionyesha: kitufe cha juu pembeni, nukta mbili, kisha q. Nikagonga kwa kidole kimoja. Mashine ikakataa, ikasema kuna kazi haijahifadhiwa. Muhonja akasema njia ni mbili: kumtoa kwa nguvu, na alichoandika mwisho kipotee, au kuhifadhi kwanza ndipo atoke. Yeye wiki zote hizi hakuweza kuchagua. Nikamwambia mwana wa dada yangu hafukuzwi kama mlevi wa baa. Nikahifadhi. Kisha nikasema kama alivyokuwa akisema baba yetu alipokwenda kuwaita watu: Andati mwana wa Nabalayo, mimi ni mjomba wako, inuka, mama anakungoja.

Kioo kikawa cheusi kitupu. Kile kiti chenye magurudumu kikarudi nyuma taratibu, kama mtu anavyokisukuma akiinuka. Muhonja akaanza kuomba kwa sauti. Mimi nikashuka ngazi, na kila ngazi niliyoiacha ikalia mara ya pili nyuma yangu.

Sasa sikiliza, na usinitukane mbele ya watoto. Sheria unaijua: anayemleta mtu hasimami, hasemi, hageuki, mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni, kazi ilikuwa kutembea tu hadi stendi ya Machakos. Lakini njia ilipita Soko la Burma. Dada, moshi ule wa mbavu! Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikajiambia Andati naye alipenda nyama. Nikasimama. Nikafungua mdomo nikaagiza mbavu, tena zenye mafuta. Kavata, mama anayenawisha wateja, akaja na jagi na beseni, akaninawisha, kisha akasogeza beseni kulia kwangu, penye benchi tupu, akamimina. Akaniuliza mbona kijana wangu hasemi, na mbona mikono yake ni baridi hivyo.

Mbavu sikuzila.

Hilo ndilo kosa langu, na ndiyo sababu nimechelewa. Mtu akisimamishwa njiani hukaa na aliyemsimamisha. Basi likaniacha, nikakimbilia chumbani kwangu, naye yuko hapa. Hana ubaya. Meza inagongwa mchana kutwa, polepole, kama mtu anayetafuta herufi. Tena utaona humu sijaliandika lile neno linalotangulia jina la mtu aliyezikwa. Nimeliandika mara mbili. Nikiinua kalamu, mstari ni mweupe.

Wazee wetu wa mtaa wa Baba Dogo wanasema safari ianzwe upya, kwa ububu kamili. Nitafika Jumamosi. Waambie watu wa njiani wasinisalimie, hata kwa kunikonyeza. Wakisema nina maringo, acha waseme. Wewe fungua ule mlango wake, sema karibu, basi, kisha ngoja ujifunge wenyewe. Ukishajifunga, nisute upendavyo. Nitakuwa na njaa.

Nisalimie watoto, Griffins na Annah, na yule mchungaji mla kuku, Mungu amlinde na mifupa. Nikishatia jina nitaiacha karatasi mezani nitoke nje kidogo. Ukikuta maneno chini ya jina langu, mwandiko utautambua.

Ni mimi mdogo wako asiyekua,
Makokha

Mama, nimetoka. Safari hii mjomba asisimame.